Kuuguza Mguu Usiokuwepo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Fiziotherapia aliniambia nikunje mkono wa sweta. Akanibandika vibandiko viwili vyenye ute chini ya kiwiko, akaviunganisha kwa nyaya na kijisanduku kinachoenea kiganjani, akakiwasha. Nilihisi kama siafu wanaandamana chini ya ngozi. Mashine hiyo ya kusisimua neva nilikuwa nimeisoma chuoni tu, sijawahi kuisikia mwilini mwangu.

Akanifinya katikati ya vibandiko. "Inauma?"

"Kidogo tu, bosi."

"Kwa nini kidogo?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Mkondo hafifu wa umeme huamsha neva za mguso, habari za mguso zikifika kwenye uti wa mgongo hufunga lango, na habari za maumivu hukosa pa kupitia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa hayo maumivu yameisha, ama yamesimama tu nje ya lango?"

Sikujua. Nilidhani atanijibu, lakini alizima mashine akaenda kunywa chai. Ninyi mnaoanza kazi hii leo, msidhani nilipata jibu baadaye.

Katika hospitali ile ya umma nilijifunza masharti ya mashine ile. Usimbandike mtu mwenye kifaa cha umeme moyoni, wala mbele ya shingo, wala tumboni kwa mjamzito, wala penye kidonda. Kwanza ujue maumivu yanatoka wapi, ndipo uyanyamazishe. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ngumu ilikuwa wagonjwa wenyewe, maana Nairobi sindano isiyouma huhesabiwa kuwa maji. "Ongeza, daktari, bado sijasikia dawa," wananiambia, na misuli tayari inaruka yenyewe.

Kutoka hapo nilihamia kliniki moja katikati ya jiji, ghorofani, ambako wateja walikuwa watu wa maofisini wenye migongo na shingo zilizokaza. Mkurugenzi wetu alipenda mashine ile kupita kiasi. Mimi iliniacha na maswali. Nilikuwa na watu wawili wenye maumivu ya mgongo yaleyale, nikawawekea kipimo kilekile cha mapigo. Mmoja alishuka ngazi akiimba, mwingine akashuka akininung'unikia. Nikamuuliza Mkurugenzi sababu.

"Wewe usiwaambie hujui," akasema. "Waambie wiki ijayo tutabadilisha mahali pa kubandika."

Jibu lile liliniudhi, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi lilifanya kazi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa zahanati ya mtaa wa Jamhuri, chini ya Daktari Msimamizi, mama asiyecheka ovyo. Yeye ndiye aliyenituma mtaa wa Mutuini kumwona Bwana Barasa, fundi wa mawe kutoka Magharibi mwa Kenya. Ukuta ulikuwa umemwangukia kwenye mjengo, akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Kigutu kilikuwa kimepona vizuri, na mguu wa bandia alikuwa amepewa. Shida ni kwamba unyayo uliokatwa ulikuwa unamuuma.

"Najua hauko," aliniambia nilipoketi. "Lakini vidole vimejikunja, daktari. Hii kidole kubwa imejikunja kama inavunjika. Nikiangalia, hakuna kitu. Sasa nitakunjua nini?"

Maumivu hayo yanajulikana katika taaluma yetu. Ubongo bado unaungoja mguu, na ukiukosa hupiga kelele. Dawa zilikuwa zimemharibu tumbo mpaka Daktari Msimamizi akazisimamisha. Ndiyo maana nilibeba kijisanduku changu.

Nyumbani hapo alikuwepo kaka yake mkubwa, Mzee Wanyonyi, aliyekuja na msimamo wake. Mguu ulitupwa na hospitali huku Nairobi, akasema, haukuzikwa nyumbani, kwa hiyo unamwita mwenyewe. Alitaka mdogo wake afunge nyumba, achukue mke na watoto, warudi kijijini moja kwa moja.

"Nikienda huko nitakaa chini ya upenu nikihesabu kuku," Barasa akasema. "Mimi ni fundi. Kazi yangu iko hapa."

"Fundi gani analia mchana mbele ya watoto?" kaka akamjibu, ila sauti yake ilikuwa ya huruma.

Wakapatana. Shule zikifungwa, na kama bado analia, wanahama. Wakati huohuo Mzee Wanyonyi angebeba gambuti, kiatu kirefu cha mpira cha mguu uliokatwa, iliyokuwa bado uvunguni mwa kitanda, akaizike nyumbani badala ya mguu. Mimi ni mama niliyelelewa kanisani hapo Dagoretti, na sikuona kama ni mahali pangu kuzungumzia mazishi ya kiatu.

Nikamwonyesha Barasa namna ya kubandika. Kwa maumivu ya namna hii, njia mojawapo ni kuweka vibandiko kwenye mguu mzima uliobaki, palepale panapolingana na panapouma upande wa pili. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aezeke nyumba ya jirani ili yake isivuje. Lakini alikubali, nami nikamwachia mashine.

Niliporudi nilimkuta ameketi nje, amevaa mguu wa bandia ambao alikuwa hautaki hata kuuona, uso umetulia. Nikafurahi sana. Halafu nikaona nyaya zinaelekea wapi. Vibandiko vyote viwili vilikuwa vimegandishwa kwenye unyayo wa plastiki.

"Bwana Barasa! Nilisema mguu ule mwingine!"

"Ule hauna shida, daktari. Mimi kama bomba imepasuka jikoni siwezi ziba ya choo."

"Hii ni plastiki. Umeme haupiti hapo hata kidogo."

"Lakini nausikia."

"Unausikia wapi?"

"Kwa kidole kubwa. Inatekenya, halafu inakunjuka pole pole."

Nikatoa vibandiko, nikaweka nilivyofundishwa, kwenye mguu wa nyama na damu. Akasema sasa anausikia mguu wa kulia tu, na kile kidole cha kushoto kimeanza kujikunja tena. Nikavirudisha kwenye plastiki mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na akashusha pumzi. Ninakiri nilichanganyikiwa mpaka nikatamani kucheka na kulia pamoja.

Nilimpelekea habari Daktari Msimamizi. Akasema huenda ni kuvaa mguu wa bandia kunakomsaidia, maana ubongo umepata cha kushika, na asingeuvaa kama asingekuwa na pa kubandika.

"Umemwambia ukweli?"

"Nimemwambia. Amesema anausikia."

"Basi mwache. Andika kwamba maumivu yamepungua, na usiandike kwa nini."

Shule zilipofungwa, Mzee Wanyonyi alikuja na pikapu ya kubebea vyombo. Akaelekezwa kwenye mjengo ulio chini ya barabara, nami nilikuwa hapo kumwona mgonjwa wangu. Barasa alikuwa amesimama kwenye ukuta wa nyumba za kupangisha, timazi mkononi, akimfokea mtu wa kukoroga saruji. Kaka yake alimtazama, kisha akageuka akajifuta macho.

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba huenda ile gambuti nayo ilisaidia. Barasa mwenyewe alikuwa ameniambia maumivu yalianza kulegea wiki ileile aliposikia imezikwa.

Mzee akanivuta kando. "Mama, gambuti iko kwangu ndani ya gunia. Mchungaji alikataa. Alisema kanisa lake haliziki kiatu. Niliona aibu kumwambia huyu kijana, nikampigia nikasema tumemaliza, tumeimba hata nyimbo." Akashusha sauti. "Basi ni mashine yako."

"Mzee, mashine ameibandika kwenye plastiki."

Yeye alikuwa amenitegemea mimi, na mimi nilikuwa nimeanza kumtegemea yeye. Pikapu ilirudi tupu.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Katika hafla ya kuniaga, vijana walinitaka niwape kisa kimoja cha kujifunzia. Nikawapa hiki, ila nikaficha habari ya gunia. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi aliuliza kilichomponya ni nini. Nikasema sijui, na Daktari Msimamizi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka.

Bado sijui. Nimetumia kijisanduku kile maisha yangu yote ya kazi, nimeona kikiwasaidia watu na nimeona kikishindwa, na bado ningekibandika kwa mgonjwa kesho asubuhi. Siwadanganyi kwamba umri umenifumbua macho.

Juzi Mzee Wanyonyi alinipigia simu akiwa na wasiwasi mkubwa. Barasa amemwambia Disemba hii anakuja nyumbani na familia yake, na kwamba atakuja na vifaa vyake vya kazi. Anataka aonyeshwe mahali mguu wake ulipolala, apajengee vizuri kwa mawe.

"Daktari, nifanye nini? Nimwambie?"

Nilimfikiria Barasa amesimama kwenye majani matupu akitafuta kaburi, na kile kidole kikianza kujikunja.

"Gunia liko wapi?" nikamuuliza.

"Liko ghalani."

"Chimba leo. Na nyimbo mwimbe, zote."

"Na mchungaji akiuliza?"

"Mwambie daktari ndiye ameandika hiyo dawa."