Nijengeeni Chochote Tu

Mgongo wangu ulianza kuuma mapema katika safari ile, na haukuacha tena. Begi nililobeba lilikuwa la mitumba, nililinunua sokoni Rongo, na mkanda wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Mtu mwingine angeuzoea. Mimi niliufungua na kuufunga upya katika kila stendi, kila gati, kila chumba cha kulala wageni, nikitafuta usawa ambao begi lenyewe halikuwahi kuwa nao. Watu wakiniuliza niliona nini Unguja, huwa nababaika, kwa sababu kusema kweli naukumbuka ule mkanda kuliko bahari.

Mimi ni mchora mabango. Hakuna aliyenifundisha. Nilipomaliza kidato cha nne karo ya chuo haikuwepo, nikaanza kuiga herufi za kuta za maduka kwa mkaa, baadaye nikaiga za kwenye simu, mpaka wenye vinyozi na hoteli za Rongo wakaanza kuniita. Hata Kiswahili hiki nimekiokota vitabuni peke yangu, maana nyumbani tunaongea Dholuo. Nina ugonjwa wa watu waliojifunza wenyewe: naamini yupo mtu mahali fulani anayeijua njia iliyo sahihi, na siku moja atapita, ataiangalia kazi yangu, atacheka. Kwa sababu ya mtu huyo ambaye sijawahi kumwona, huwa nafuta herufi nzuri na kuziandika upya.

Safari ilitoka kwenye ugonjwa huohuo. Nilitaka kuona jinsi wengine wanavyoandika, mijini na visiwani, na kujilipia njia kwa brashi. Nikachora duara kwenye ramani: kuvuka mpaka Isebania, Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Lamu, Nairobi, Kampala, visiwa vya Ssese, halafu kurudi kwa upande wa ziwa hadi Takawiri. Takawiri niliiweka mwisho makusudi. Ni kisiwa cha hapa kwetu. Ukitoka Rongo asubuhi, mchana umefika, na bado nilikuwa sijawahi kukanyaga mchanga wake. Niliona vizuri duara lifungwe pale, ndipo niingie nyumbani nikiwa mtu aliyemaliza kitu.

Ndani ya duara hilo sikumchora mdogo wangu.

Kwetu kijana wa kiume hujenga nyumba yake ndogo katika boma la baba yake kabla ya kuoa. Tunaiita simba. Ya mtoto wa kwanza hukaa kulia kwa lango, ya wa pili kushoto, na ya kushoto haiwezi kusimama kabla ya ile ya kulia. Mdogo akimtangulia mkubwa wake amemfungia njia, na mkosi unaotokana na hilo hakuna anayetaka kuujaribu, hata wale wanaosema hawaamini. Mimi ni wa kwanza. Sikuwa nimejenga, kwa sababu sikuwa nimepata ramani ya nyumba iliyoniridhisha. Mdogo wangu alikuwa akichimba dhahabu Osiri, amenunua mabati yake na kuyaweka nyumbani kwa mama, na msichana wake alikuwa kwao, karibu na Awendo, na kabla safari yangu haijaisha tumbo lake lingeanza kuonekana. Wazazi wa msichana walikuwa wamemuuliza mara moja, kwa upole, atamweka binti yao wapi. Hawakutarajiwa kuuliza kwa upole mara nyingi.

Nilipoondoka nilimwambia nitarudi kabla ya mahindi kukomaa. Mahindi yakavunwa. Nikasema Krismasi. Krismasi ilinikuta Lamu nikichora ukuta wa duka la vitambaa.

"Omera, uko wapi sasa?" aliniuliza kwenye simu. Omera ni ndugu, na yeye hulitumia neno hilo akiwa na furaha na akiwa na hasira, kwa hiyo inabidi usikilize vizuri.

"Lamu."

"Hiyo ni karibu na nyumbani?"

"Hapana."

"Basi usinitajie majina. Nitajie umbali."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake zilisikika mashine za kusaga mawe, na nilijua amesimama mle kwenye vumbi, simu ameiziba kwa kiganja.

Ningeweza kurudi siku ile. Sikuwa na kandarasi na mtu. Lakini Nairobi, Kampala na Ssese vilikuwa bado, na duara lililokatwa katikati lilinitia wasiwasi ule unaonifanya nirudi mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa. Nikaendelea. Sikuwa tena nikifurahia chochote. Miji mikubwa hufanana ukiwa umechoka: unatafuta choo, unatafuta mahali pa kuchaji simu, unatafuta mtu atakayekuruhusu kuchora ukuta wake, kisha unalala kwenye chumba chenye harufu ya sabuni ya mtu mwingine. Visiwa navyo nilivyovitamani vikaanza kunichosha kwa uzuri wao. Ssese nilikaa ufukweni asubuhi nzima nikijilazimisha kufurahi. Mwishowe nikafungua begi na kurekebisha mkanda.

Nilifika Takawiri wakati watu wa huko wakingoja mvua ndefu. Mchanga ni mweupe kweli, na minazi ipo, kana kwamba kipande cha pwani kimepotea njia kikaingia ziwani. Nilikaa kwa mama mmoja mwenye boti na biashara ya omena, dagaa wa ziwani. Alinipa chumba na chakula kwa makubaliano kwamba nitaipaka boti yake rangi na kuiandika jina ubavuni. Alichagua maneno mafupi tu ya shukrani kwa Mungu. Mtu wa kawaida angeyaandika kabla ya chai ya saa nne.

Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Boti zina ubavu uliopinda, na herufi zilizonyooka kwenye karatasi huanguka mbele zikifika pale. Yule mama alikuja mara kwa mara, mikono kiunoni, akatazama, akaondoka. Wavuvi wake walikaa kwenye kivuli cha nyavu bila kazi.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "hii boti itarudi majini lini?"

"Herufi ya mwisho imelala, mama. Nairekebisha."

"Nani ataiona?"

"Kila mtu."

"Samaki hawajui kusoma," akasema, na wavuvi wakacheka mpaka mmoja akakohoa. "Na hawa wanaocheka, nusu yao pia."

Hapo ndipo simu ikaita. Alikuwa baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, ambaye ndiye mwenye haki ya kunichimbia shimo la kwanza la nyumba yangu. Ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakuanza na mzaha.

"Miti tulikata. Mchwa wameanza kuila. Unakuja au huji?"

Nilikuwa na brashi mkononi na rangi ikikauka. Nilikuwa nimechoka na jua, na boti, na kuulizwa. Nikasema jambo ambalo wakati huo niliona ni la ukarimu.

"Baba, msinisubiri. Nijengeeni chochote tu. Hata miti minne na bati moja juu. Halafu huyo mdogo wangu ajenge yake, mimi sina neno."

Nilisikia kuku, nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni. Baba mdogo akasema, "Mama yako yuko hapa. Alikuwa anasikia." Kisha simu ikakatika.

Niliendelea na herufi yangu. Niliona nimelimaliza jambo. Nilijisifu hata, kwamba mila imepata ujanja wake na kila mtu atapata alichotaka. Jua lilikuwa limeanza kushuka mdogo wangu alipopiga.

"Umemwambia mama nini?"

"Nimewaambia wanijengee. Nimekufungulia njia."

"Amekaa chini tangu ile saa. Hataki kula wala kuongea."

"Kwa nini? Nilitaka kukusaidia."

"Omera," akasema, na safari hii sikuhitaji kusikiliza vizuri. "Kwetu ni nani hujengewa akiwa hayupo?"

Nililijua jibu kabla hajamaliza. Nimelijua tangu utotoni. Binamu yetu alizama ziwani na ziwa halikumrudisha, na kwa sababu alikuwa hajajenga, na wadogo zake wasingeweza kupita, wanaume walisimamisha kibanda kwa jina lake siku moja asubuhi: miti minne, bati moja juu. Tulicheza karibu nacho mpaka shangazi akatufukuza. Hivyo ndivyo vipimo nilivyompa mama yangu, neno kwa neno, nikiwa nimesimama kwenye mchanga mweupe, mzima wa afya.

Sijui kuomba msamaha vizuri. Huwa nautunga kichwani mpaka unakuwa mrefu na wakati unapita. Nilimwambia mdogo wangu, "Nakuja kesho." Akasema, "Ulisema hivyo Mombasa." Akakata.

Asubuhi nilimwambia mwenye boti kwamba herufi ya mwisho haijakaa sawa. Alikuwa ameshawaamuru wavuvi waisukume boti majini. Aliangalia begi langu mgongoni, akaniuliza kama kuna msiba.

"Hapana, mama. Bado."

"Basi nenda kabla haujawa," akasema, na akanifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti.

Nilivuka hadi Mbita, nikapita Homa Bay bila kushuka hata kunywa maji, na mchana nikawa nasimama kwenye lango letu nje ya Rongo. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliniangalia miguu kwanza, kisha macho yake yakapanda polepole hadi usoni, kama mtu anayehakikisha vipande vyote vimo.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Umekula?"

Nilisema ndiyo. Akaniletea ugali hata hivyo. Maneno yale ya simu hatukuyataja, siku hiyo wala baadaye. Nilimpa samaki wa Takawiri, akawaweka kando, akasema watakuwa wa watu wa kazi.

Kazi ilikuwa kesho yake. Simba huanza kujengwa asubuhi na lazima mwenyewe alale ndani yake siku hiyohiyo. Ikishindwa kuezekwa kabla ya giza, mambo yanaharibika, na mdogo wangu angengoja tena. Baba mdogo alifika na jembe kabla jua halijatoka. Aliponiona alirudiwa na mzaha wake.

"Huyu amezunguka dunia nzima akitafuta shimo," akasema, "na shimo lilikuwa hapa."

Alichimba la kwanza, akasimamisha nguzo, na mimi nikatoa kamba na kipimo nilichonunua Nairobi. Mdogo wangu alikuwa ametoka Osiri na matope mekundu bado kwenye kucha. Alichimba kama mtu aliyezoea kuchimba, bila kuinua macho. Nguzo ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, na ya tatu ilikuwa imeinama. Niliomba itolewe. Ikatolewa. Ikarudishwa, na bado kamba yangu ilionyesha kasoro. Nikaomba tena. Wanaume wakapumzika, mmoja akawasha sigara. Jua likapanda. Mama alipita na ndoo, akaona nguzo tatu pale ambapo zilipaswa kuwa nyingi, akaendelea na njia yake.

Mara ya tatu niliikumbatia ile nguzo mwenyewe na kuanza kuing'oa. Mdogo wangu aliweka mkono juu yake. Alikuwa amefanya kazi mgodini juzi na jana, akaja usiku, na hakuwa amelala.

"Ukiitoa tena," akasema kwa sauti ya chini, "mimi narudi Osiri, na mtoto atazaliwa kwao."

Nilitazama kamba. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza huyo mtu atakayepita akacheka ni nani, na anatoka wapi, na kwa nini yeye nampikia chai kila siku kichwani mwangu wakati huyu aliye mbele yangu sijampa hata maji. Sitadanganya kwamba nilibadilika. Hadi leo nikipita karibu na nguzo ile huipima kwa jicho. Ila niliachia. Nikashindilia udongo kwa kisigino, nikaizungusha kamba mkononi, nikaitia mfukoni.

Bati la mwisho lilipigiliwa wakati mbuzi wanarudi. Kuta zilikuwa fito tupu, upepo ukipita, na mlango haukufunga mpaka uuinue kidogo kwa goti. Mama alileta mkeka. Alisimama mlangoni mpaka aliponiona nimelala chali, begi chini ya kichwa, ndipo akaenda kula.

Niliamshwa na mdundo wa jembe. Kupitia fito nilimwona mdogo wangu upande wa kushoto wa lango, baba mdogo pembeni yake akimfanyia mzaha nisioweza kuusikia, na nguzo yake ya kwanza ikiwa imesimama ardhini. Ilielemea kidogo upande wa barabara. Nilihisi kamba mfukoni.

"Na wewe uliyejengewa," mama akaita kutoka jikoni, "toka huko ulete maji ya kukandia udongo. Au safari imekuchosha?"

Ilikuwa imenichosha. Nikainuka, nikauinua mlango kwa goti, nikaenda kutafuta ndoo.