Muzee Aliyejipigia Simu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa simu hata moja. Chef d'agence, yaani mkuu wa ofisi yetu ya Goma, alitusimamisha vijana wapya mbele ya guichet, kaunta ya kupokelea wateja, akatuuliza: "Namba ya mteja iko ya nani?" Mimi, kwa kiherehere changu, nikajibu kwamba ni ya mteja mwenyewe. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Hapana, kijana. Mteja anaitumia tu. Namba iko ya société. Siku ataenda kwa wengine, ataenda mikono mitupu."

Nililishika somo hilo, kwamba namba ni ya société, yaani kampuni, kuliko yote yaliyofuata, na kwa kulishika vizuri nikapandishwa cheo mapema.

Ninyi mnaosoma haya mmezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo nieleze kidogo. Wakati ule simu ilikuwa kitu cha wenye nazo: wafanyabiashara wakubwa, watu wa mashirika, na wakuu wa waasi waliokuwa wakitawala mji. Kila kampuni ilikuwa na tarakimu zake za mwanzo, prefiksi, na ukiiona namba tu unajua mwenye namba ni mteja wa nani. Ndani ya simu kulikuwa na ile kadi ndogo tunayoiita puce. Kuhama kampuni maana yake ilikuwa kununua puce nyingine na kuiaga namba ya zamani. Nasikia kuna nchi ambako mtu anahama na namba yake kama anavyohama na godoro lake. Kwetu, miaka yote niliyokaa guichet, watu waliniomba hilo mara nyingi, na jibu langu lilikuwa lile la Chef d'agence.

Volkano iliposhuka mara ya kwanza ilipita katikati ya mji na kuifunika ofisi yetu. Tukafungua kazi ndani ya kontena upande wa Munigi, na mawe yalikuwa bado na joto chini ya viatu. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba, vitanda na vyeti vya watoto walikuja kwanza kuulizia namba. Mteja wetu aliyeunguliwa na simu tulimfanyia swap: unaifuta puce iliyopotea, kisha unaiwasha namba ile ile ndani ya puce mpya. Kulikuwa na mama mmoja aliyeishika mikono yangu yote miwili simu yake ilipoita. Jamaa zake walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya mpaka, na walikuwa wakimtafuta kwa namba hiyo. Siku zile nilijiona mtu mkubwa sana, lazima niseme.

Baadaye nilipelekwa Rutshuru kusimamia ofisi ndogo. Hiyo nayo haikudumu. Waasi wengine walikuja, barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani, nami nikateremka pamoja nao mpaka Goma. Mkubwa wangu mpya, Chef de zone, aliyesimamia mauzo ya eneo lote, akanituma Mugunga, kando ya kambi ya wakimbizi wa vita. Tulikuwa na kibanda, paneli ya jua na meza. Tuliuza puce na inite, yaani muda wa maongezi, na watu wa kambi walituachia simu zao tuzichaji.

Hapo ndipo nilipokutana na muzee mmoja wa Rutshuru, mkulima, mpole, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa mteja wa kampuni nyingine, na mtandao wao haukushika kabisa pale kambini. Njiani, katika mbio, alikuwa amepotezana na binti yake. Binti huyo alijua namba moja tu kwa kichwa, ile ya baba yake.

"Muniwekee hii namba kwa mutandao yenu," akaniomba. "Mutoto wangu ataniita kwa hii. Ingine haijui."

"Muzee, hii namba haiko yako. Iko ya société yao. Ukikuja kwetu, unaiacha."

Nilimwambia bila ukali, na wala sikusema uongo. Akanunua puce yetu, ile ya zamani akaifunga kwenye kitambaa. Tatizo ni kwamba namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua na kuirudisha sokoni. Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja akaijaribu kwa puce yetu, ikaita. Ikapokewa na mwanamke asiyemjua.

Tangu hapo, kila Ijumaa alikuja kuchaji simu, na ikishapata chaji alikaa kwenye benchi letu na kuipigia namba yake mwenyewe. Tulimsikia sote. "Allo, mama. Ni miye, ule muzee. Hakuna mutu aliniuliza?" Halafu anasikiliza. "Haya, mama. Aksanti. Nitakusumbua tena."

Chef de zone alimkuta siku moja alipokuja kukagua. Tulipomweleza, akapiga kofi mezani kwa kicheko. "Eeh! Muzee anajiita mwenyewe! Akijikuta atujulishe!" Sote tukacheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine kwa kuwa mkubwa alikuwa akiniangalia. Jina likamganda: Papa Jipigie. Muzee aliinua macho, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni, akachukua simu yake. Kambi ilipovunjwa aliondoka na wengine. Kama binti yake aliwahi kupiga, sijui.

Mimi niliendelea kupanda. Nilirudi Goma mjini, nikawa mkufunzi wa wafanyakazi wapya wa guichet, nikipewa simu ya kazi na namba ya flotte, yaani moja ya namba ambazo kampuni inazilipia kwa watu wake. Kwa namba hiyo nilijulikana na mji mzima. Nilioa kwa namba hiyo, nilimzika mke wangu kwa namba hiyo. Mwanangu Amani aliikariri akiwa darasa la kwanza, nami nilimpa biskuti kila alipoitaja bila kukosea.

Amani alipokua alikwenda Masisi kwenye machimbo. Volkano ikashuka mara ya pili na kuchukua nyumba yetu ya Buhene, kisha vita vikarudi na barabara ikafungwa. Alikuwa akinipigia mara chache, kwa simu za kuazima. Nikiipigia namba hiyo, mwenye simu ananiambia kijana ameshaondoka. Nilijua kustaafu kwangu kumekaribia, na Amani alipopiga mara ya mwisho sikumwambia aandike namba nyingine. Niliamini wataniachia. Mtu wa miaka yote ile, wamnyime namba?

Barua ya kustaafu ilitaja vitu vya kurudisha: kadi ya kazini, fulana, simu, puce. Nikapanga mstari kama mteja. Kwenye guichet alikuwepo Riziki, binti niliyemfundisha mwenyewe, mchapakazi, mwenye adabu. Nilipomweleza, aliinamisha macho.

"Papa, munisamehe. Hii namba haiko yenu. Iko ya société." Kisha akaongeza polepole, "Muko munajua, papa. Ni nyinyi mulinifundisha."

Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini mstari mzima ulisikia. Kuna watu wakiona aibu husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Sisi wa Goma hatusemi hivyo ovyo. Nilitoka nikitazama viatu vyangu, nikavuka barabara mpaka kwa kampuni pinzani, ile niliyoisema vibaya ujana wangu wote, nikawaomba waihamishie kwao namba yangu. Kijana wa pale alinitambua. "Papa, unatuchekesha! Weye mukubwa wa kule, haujue haiwezekane?" Nikanunua puce yao, nikamshukuru.

Namba yangu ilinyamaza kwa miezi. Niliijaribu kila asubuhi, na kila asubuhi mashine iliniambia haipatikani. Kisha siku moja ikaita. Akapokea mwanamke, na nyuma yake nilisikia kelele za soko.

"Nani?"

Nikajieleza vibaya. Nikamwambia namba hiyo ilikuwa yangu, na kwamba nina mwana.

"Aa! Ni weye?" akasema. "Kuko kijana alipigaka. Anasema anatafuta baba yake. Nikamwambia hapa hakuna baba ya mutu, namba iko yangu, asinisumbue."

"Alisema nini?"

"Alisema, samahani mama. Akakata. Ilikuwa simu ya kuazima. Nilijaribu kumurudilia, mwenye simu anasema hamujue." Akashusha sauti. "Papa, sikujua. Akipiga tena nitamupa namba yako. Ukuwe unaniuliza."

Basi nauliza. Nimejichagulia Ijumaa, na sihitaji kuwaeleza kwa nini. Kazi yangu niliijua vizuri, na nimewafundisha wengi, lakini kuipigia namba yake ya zamani na kumwomba mgeni wema sikumfundisha mteja hata mmoja. Aliyegundua hilo alikuwa mkulima wa Rutshuru, nasi tukampa jina la kumcheka. Nikimkumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ijumaa iliyopita mama wa sokoni alipokea, na kabla sijamsalimia nilimsikia akiwaambia wenzake, "Ni ule muzee anapigiaka namba yake." Wakaangua kicheko wote. Sikukata. Nilingoja wamalize kucheka, kisha nikamuuliza kama kuna mtu aliyeniulizia.