Uzi Uliotoka Dirishani

Kwa miaka ishirini na mitatu Kaloki alikuwa mgeni mwema nyumbani kwake, kijijini Tulia. Alifika Jumamosi mbili kwa mwezi, akaletewa kiti chenye mto, akachinjiwa kuku, akaulizwa habari za barabara. Jumatatu alfajiri alirudi kuendesha basi kati ya Mombasa na Nairobi. Mkewe, Nzisa, hakuwahi kulalamika. Mgeni wa aina hiyo hupendeza, mradi anaondoka.

Mwezi wa nne mwaka wa 2020 hakuondoka. Korona ilikuwa imeingia nchini, serikali ikafunga njia za Nairobi na Mombasa, na basi likaegeshwa. Kaloki akaja nyumbani na begi, barakoa mbili na kitabu. Kitabu alikuwa amekinunua njiani, katika mji wa Sultan Hamud, kwenye kibanda cha Gachanja, anayeuza betri, soksi na vitabu vya kubadilisha maisha. Gachanja alimhakikishia kwamba watu wote wenye akili watatoka kwenye korona wakiwa wapya. Mwandishi alikuwa kwenye jalada, akitabasamu kwa meno mengi kuliko kawaida.

Kaloki alikisoma kurasa thelathini, kisha akachora ratiba nyuma ya kalenda ya kanisa na kuibandika ukutani. Saa kumi na moja asubuhi, mazoezi. Saa mbili, kusoma. Saa nne, Kifaransa. Saa nane, kutafakari. Saa kumi jioni, dakika arobaini za kuimarisha uhusiano na mke.

Mazoezi yalidumu siku mbili. Mtu mzima wa Tulia akionekana anakimbia alfajiri, majirani hutoka nje kuuliza ni nani amefariki, na siku ya pili watatu walikuwa wamemfuata na machepeo. Kifaransa kilikosa mwalimu. Kutafakari kulienda vizuri hadi mbuzi alipokula sura ya saba, iliyohusu uvumilivu, huku mwenye kitabu amelala kitini mdomo wazi.

Zikabaki zile dakika arobaini. Saa kumi kamili Kaloki aliweka kiti mbele ya mkewe na kumwuliza anasuka nini. Nzisa akasema kiondo. Kaloki akauliza kama ni kile kile cha jana. Nzisa akasema ni kile kile. Zilibaki dakika thelathini na nane.

Basi akatazama, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Nzisa alikuwa mmoja wa wanawake ishirini na tisa wa kikundi cha ususi cha soko la Kabati, na vyondo vyao, vikapu vya katani, vilikwenda kwa mnunuzi wa Nairobi aliyevipeleka ng'ambo. Mnunuzi alikuwa na sharti moja: uzi wote wa katani usokotwe kwa mkono juu ya paja, kama zamani, usiwe wa kununua dukani. Mwenyekiti alilinda sharti hilo kuliko mnunuzi mwenyewe. Mwaka uliotangulia alimtoa Ndinda kwa kosa la uzi wa duka, na Ndinda alikuwa rafiki yake wa tangu utoto. Mwenyekiti huyo aliitwa Kathini, na ndiye aliyemzaa Nzisa. Undugu huo haukumsaidia Nzisa kwa lolote. Alitakiwa kuwa na vyondo vitano mwisho wa mwezi wa sita, sawa na wengine.

Katikati ya mwezi wa tano sufuria ya uji ilipinduka, na uji ukammwagikia Nzisa pajani. Hakikuwa kidonda cha kuogopesha, ila kilikuwa pale pale uzi unaposokotwa. Kusuka aliweza. Kusokota, hapana. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku na kila mwanamke alikuwa na vyondo vyake vitano vya kumalizia. Nzisa alihesabu siku, akatazama uzi uliobaki, akaona hautatosha. Kikundi alikiingia akiwa msichana, na hakikuwa kitu cha kutolewa halafu ukaendelea kusalimia watu sokoni kama kawaida.

Jioni hiyo, saa kumi, Kaloki aliuliza kama kuna sheria inayosema paja liwe la mwanamke.

Nzisa alitazama miguu ya mumewe kwa muda. Hakucheka, na baadaye alikiri kwamba hilo ndilo jambo gumu zaidi alilofanya mwaka huo.

Walianza kesho yake, mlango umefungwa, maana Kaloki alikuwa ametajwatajwa kwa uzee wa kanisa. Alikunja suruali hadi juu. Kwa kuwa dereva huamini kila kitu kinachosuguana kinahitaji mafuta, alijipaka mafuta ya mgando kuanzia goti kwenda juu. Katani iliteleza ikaenda chini ya kabati. Nzisa alimwelekeza kwenye jivu la jikoni. Kwa jivu katani ilishika, ikashika pia vinyweleo, na baada ya siku nne paja la kulia la Kaloki lilikuwa limenyonyoka kabisa, huku la kushoto likibaki kama lilivyoumbwa.

Uzi wa kwanza ulifaa kufunga mbuzi. Wa wiki ya pili ulifaa kufunga gunia. Wiki ya tatu Nzisa aliuvuta, akautazama kwenye mwanga, akausuka bila kusema kitu. Kaloki alikuwa na mkono wa usukani, usioharakisha na usiolegea, na uzi ulitoka sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ratiba ilibanduliwa ukutani. Nyuma yake ilikuwa kalenda, na walihitaji kujua tarehe.

Kathini alikuja kukagua siku ya ishirini na nne mwezi wa sita, kwa bodaboda, amevaa barakoa, na futi ya fundi cherehani shingoni. Kaloki alipoona ni yeye, aliingia ndani na kurudisha mlango. Hakuwa na hatia. Mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo nthoni, na Kathini aliishika kama alivyolishika sharti la mnunuzi.

Alipima vyondo vyote vitano, akaridhika na vipimo. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya uzi, akasimama. Akapitisha tena.

"Huu ni wa duka," akasema.

Nzisa alisema si wa duka. Mama yake akasema amesokota uzi tangu kabla ya uhuru, na hakuna paja la Kabati wala Tulia linaloweza kutoa uzi uliolingana hivyo. Hiyo ni mashine. Akaanza kukunja futi yake, kwa namna ile ile aliyoikunja kwa Ndinda.

Nzisa alikuwa na njia mbili. Anyamaze atolewe, au amwambie mama yake mzazi habari za paja la mkwe wake.

"Ni wa Baba Mbithe, mwaitu," akamjibu mama yake, akimtaja Kaloki kwa jina la mtoto wao.

"Ameununua wapi?"

"Hajanunua. Amesokota yeye."

Kathini alitazama mlango uliofungwa, kisha akautazama mti wa mbali sana. Akasema yeye huamini kilichoonekana, na hicho hakiwezi kuonekana na mtu kama yeye, na hivyo basi, pole mwanangu.

Hapo sauti ikatoka ndani. "Mama Mbithe, mwambie mama atupe katani yake mwenyewe dirishani. Ageuke, atutupie kwa nyuma."

"Mwambie nimesikia," akasema Kathini.

Alitoa mfukoni mwake fungu la katani aliyoitia rangi kwa mkono wake, zambarau isiyopatikana dukani popote. Akakaa kwenye kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani, akapitisha nyuzinyuzi juu ya bega bila kugeuza shingo. Ndani kukasikika kiganja kikipita pajani, kikienda na kurudi. Nzisa alisimama katikati ya uwanja akiwa hana la kufanya na mikono yake. Kuku walipita. Baada ya muda ncha ya zambarau ilichungulia dirishani, ikateremka polepole hadi begani kwa Kathini, ikaendelea kuteremka.

Aliukanyaga kwa mguu, akauvuta kwa mikono yote miwili. Haukukatika. Akaupima kwa kidole gumba mwanzo hadi mwisho.

"Mwambie anakaza sana anapoanza," akasema. "Alegeze kidogo."

"Mwambie asante, nitalegeza," ikasema sauti ya ndani.

Kathini alifungua daftari la kikundi. Mbali na sharti la mnunuzi, kanuni ya kikundi ilitaka uzi uwe wa mwanachama, na yeye hakuwa mtu wa kupindisha kanuni. Chini ya mwanachama wa ishirini na tisa aliandika: Kaloki. Kisha akaacha fungu jingine la katani juu ya kigoda. Alimwambia Nzisa kwamba hilo ni la kwake yeye Kathini, magoti yanamsumbua, na akalitaka likiwa limesokotwa kufikia Ijumaa.

Njia zilifunguliwa mwezi wa saba, basi likarudi barabarani. Kule Sultan Hamud Gachanja aliuliza kama kitabu kimemfanya mtu mpya. Kaloki alifikiria kwa uaminifu, akasema ni upande wa kulia tu.

Jumamosi ya kwanza ya kurudi nyumbani alikuta hakuna kuku aliyechinjwa. Kiti kilikuwa mahali pake, bila mto, na kando yake fungu la katani na kikopo cha jivu. Aliuliza mto umekwenda wapi.

"Mto unainua mguu vibaya," Nzisa akamjibu bila kuinua macho. "Kaa, tumechelewa."

Kaloki akakunja suruali.