Swali la Daktari wa Nusu Kaputi

Daktari wa nusu kaputi hana haraka na mtu. Kwenye upasuaji wa taya mpira wa kupumulia unapitishwa puani, maana mpasuaji anautaka mdomo wote kwa ajili ya msumeno wake. Basi kila mgonjwa anamziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, halafu la pili. "Vuta. Lipi jepesi?" Mpira wenyewe anaulainisha kwanza kwenye maji ya moto. Nesi anayemsaidia kamzoea, yeye na sauti yake ya kubembeleza na swali lake la mwisho: "Una uhakika, mwanangu?" Wote hujibu ndiyo.

Siku moja binti mwenye kidevu kilichochomoza akasema, "Mama ndiye anayetaka. Eti nani atanioa na uso huu. Mimi nakipenda, ni kidevu cha marehemu baba."

Mkono wa daktari wenye sindano ukasimama. Nesi akashusha pumzi: afadhali, leo swali limepata kazi.

"Vipi mzee, umelala wewe badala ya mgonjwa?" mpasuaji akacheka, glavu tayari mkononi.

Daktari akamfuta binti chozi kwa kidole gumba kilekile. "Usiogope, mwanangu," akasema, akasukuma dawa.

Siku hizi bado anauliza tundu lipi jepesi. Lile swali jingine kaliacha.