Mwaka Nilipong'oa Mafunjo

Niliolewa karibu na Amagoro, kule mpakani, miaka ya sitini, si muda mrefu baada ya Uhuru, nikitokea Rukala, ambako mto Nzoia ukifurika hata kuku hupanda darini. Nilikuja na kiburi changu chote. Nilipoonyeshwa bonde lao lenye majimaji, nilicheka kimoyomoyo: hiki ndicho wanachokiita kinamasi?

Kumbe bonde lile lililisha kijiji kizima. Upande wa juu wanawake walichimba udongo wa vyungu. Katikati palikuwa na mafunjo ya mikeka. Pembeni, kiangazi kikikaza, ng'ombe walipata majani mabichi. Kila jambo lilikuwa na zamu yake, na waliosimamia zamu walikuwa akina mama watano. Mama mkwe wangu, mfinyanzi ambaye vyungu vyake viliuzwa hadi ng'ambo ya mpaka, alikuwa mmoja wao. Leo bonde limelimwa mpaka kwenye maji yenyewe, na nikipita hapo moyo unaniuma.

Kiangazi changu cha kwanza kuni ziliadimika. Kwa ujuaji wangu nikachukua jembe, nikang'oa mashina ya mafunjo, mizizi na yote, nikayaanika. Kwetu tulifanya hivyo kila mwaka. Yakikauka yanawaka vizuri sana. Nilijaza kikapu mara nne, nikingoja sifa.

Sifa gani! Jioni hiyo wale akina mama wengine wanne walisimama uani.

"Nani aling'oa hii?"

Mama mkwe alinitazama, kisha akawajibu: "Ni mimi sikumwambia. Hiyo makosa ni yangu."

Adhabu ilijulikana: boma letu lisichukue chochote bondeni mpaka mafunjo yaote tena. Mfinyanzi bila udongo! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mtoto," aliniambia baadaye, bila hata kugomba, "kwenu mto inarudisha. Hapa ni watu wanarudisha."

Mashina yaliyokuwa bado mabichi niliyapanda upya moja moja, matope yakinifika magotini, ruba wakininyonya. Mvua ikanyesha. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia. Mama mkwe alishinda uani akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure. Chungu chetu cha maji kilipopasuka, ilibidi anunue cha mwenzake sokoni. Siku hiyo sikuweza kula.

Machipukizi yalipofika kiunoni, akina mama walikuja kukagua. Walizunguka polepole, wakainama, wakavuta shina hili na lile kuona kama limeshika. Halafu mmoja akamkabidhi mama mkwe jembe. Naye akachimba donge la kwanza la udongo, akalinusa, akacheka kama msichana.

Akanitwika mimi. Nililibeba hadi nyumbani, maji ya tope yakinichuruzika usoni pamoja na machozi, na sikufuta hata tone.