Nilibeba Chakula Changu Ukweni

Usinihurumie. Kosa ni langu peke yangu, na ni la kijinga kiasi kwamba hata kuliandika naona haya.

Ninafanya kazi katika kituo cha petroli Mtito Andei. Miaka ya chipsi na soda ilinipa kitambi, nikajiunga na jimu moja ya mabati hapo mjini. Siku za kwanza nilikuwa mtu wa kuulizauliza. Nikilala chini na kuinuka mara mia, tumbo litaisha? Mayai mangapi kwa siku? Muthokoi wetu, wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, unanenepesha? Kocha, jamaa aliyejifunzia kazi kwenye simu, alijibu yote bila kufikiri: acha mahindi, acha maharagwe, acha mafuta, usiteleze hata siku moja.

Baada ya wiki saba nilikuwa nimepungua kilo nne na nimegeuka mtu asiyevumilika. Nilikuwa nikiwatazama madereva wa malori wakila ugali wao, nawadharau. Nilijiona mimi pekee ndiye niliyeerevuka. Kilo nne tu, jamani!

Kisha ikafika siku ya ntheo, yaani kupeleka mbuzi wa kwanza kwa kina msichana. Bila hiyo, kwetu Wakamba hujaoa, hata mkiwa na watoto watano. Mchumba wangu, nimwite Mwende, kwao ni upande wa Ikutha. Tulikwenda mimi, baba yangu na mjomba, tukiwa na mbuzi watatu. Mkobani nilikuwa na kikopo cha mayai manne ya kuchemsha na mboga ya sukuma wiki isiyotiwa mafuta.

Tulipokelewa vizuri, tukaombewa. Mama Mwende akaniletea kwa mkono wake sahani ya muthokoi na nyama ya mbuzi. Nikaisukuma kando, nikafungua kikopo changu.

"Mama, mimi niko kwa dayati," nikasema. "Hii chakula yenu iko na mafuta mingi. Ndio maana watu wa huku wako na vitambi."

Nilisema hivyo nikimtazama baba mkwe. Watu wakaacha kula wakanitazama, na mimi mpumbavu nikadhani wamevutiwa na elimu yangu.

Mjomba akaninong'oneza, "Wewe, kula. Mtu habebi chakula kwa wakwe. Wataona unaogopa sumu."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani.

Mama Mwende alikuwa amesikia. Alichukua kijiko, akaonja muthokoi kutoka sahani yangu, akaonja na nyama, akameza, kisha akanirudishia.

"Umeona, mwanangu? Ni chakula tu. Sasa kula."

Mama wa kanisa, rika la mama yangu, alikuwa akijitetea mbele ya wageni, nyumbani kwake, kwamba yeye si muuaji. Na mimi nikachukua yai langu, nikauma.

Baba mkwe akasimama. "Mbuzi zenu ziko hapo nje. Mrudi nazo."

Tulirudi nazo. Hadi leo nikikutana na baba ni salamu tu. Mwende alinitumia ujumbe mmoja: mama alikataa kununua mahindi yaliyokobolewa kwa mashine, akatwanga ya kwake mwenyewe siku mbili, kwa sababu mgeni ni wewe. Kisha akanifungia simu.

Nilipomsimulia kocha, aliniuliza kama angalau siku hiyo nilikwepa wanga. Huyo ndiye niliyemwamini kuliko wazazi.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ikutha peke yangu kuomba msamaha. Mama Mwende alinipa kiti, akanijulia hali, akanisikiliza hadi mwisho. Hakuniletea hata maji ya kunywa. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake, nikainuka nikaenda zangu. Sasa nasikia Mwende ameposwa na mwalimu fulani wa upande wa Tulia, na kwamba jamaa ana kitambi.

Wewe unayeanza mazoezi, fanya. Punguza sukari, inua vyuma, hakuna anayekukataza. Lakini ukienda kwa watu ukapewa sahani, kula hata vijiko vitatu, ushukuru. Mafuta ya sahani moja utayatoa kwa kukimbia kesho yake. Mama wa watu akishalazimika kukuonjea chakula chake mwenyewe, hakuna mazoezi ya kuliondoa hilo. Mimi nimeshajaribu.