Kichuguu Juu ya Jengo la Abiria

Mzee Yoramu anaogopa vitu viwili: mvua, na kuulizwa swali na mtu mwenye kofia nyeupe. Jumanne ile alivipata vyote kabla ya saa sita mchana.

Ni mzaliwa wa upande wa Buigiri. Akiwa na miaka tisa, paa bapa la udongo la nyumba yao ya tembe lililowa likamwangukia bibi yake. Tangu hapo, kila mvua zikikaribia, hupanda juu ya nyumba akaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu, akashindilia kwa miguu hadi jasho limtoke.

Siku hizi mimi naye tunamwagilia nyasi pamoja, juu ya jengo jipya la abiria kwenye kiwanja cha ndege. Wataalamu wameweka udongo na nyasi juu ili ndani pawe baridi bila viyoyozi vingi. Mimi niliyeachia diploma ya ujenzi njiani nilimwambia, "Mzee, watu wamesoma miaka yote hiyo, wamekuja kugundua tembe." Hakucheka.

Jumanne hiyo mvua ikaanza. Udongo ule ulitakiwa unywe maji uyapeleke kwenye mabomba. Haukunywa. Maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu, yametulia kama bwawa la Mtera. Chini yetu, binti wa Mzee, Priska, na wenzake tisa walikuwa wanafuta vioo.

Mzee akanishika mkono.

"Kijana, nimeushindilia."

"Umeshindilia nini?"

"Udongo. Ulipasuka kwa jua. Nimeziba na kichuguu. Wiki nzima."

Injinia Violeth akatokea kwenye ngazi, kofia nyeupe inachuruzika.

"Nani kagusa udongo huu?"

Nilikuwa nimeshaandaa uongo kwamba ni ndege waliouchakura. Mzee akanitangulia.

"Mimi, mama. Toa watu chini kwanza. Kunifukuza utanifukuza baadaye."

Injinia akapiga simu ya upepo, watu watolewe. Sisi tukachimba kwa mikono kwenye mdomo wa bomba, Mzee akichungulia ukingoni na kuhesabu wanawake wanaokimbilia nje. Wanane. Tisa. Wa kumi hakuonekana.

Bomba likazibuka, maji yakaanza kushuka. Ndipo Priska akatoka, kitambaa mkononi, anatembea kama anakwenda gengeni.

"Baba, shikamoo. Mbona umelowa hivyo?"

Injinia akasema paa lingeweza kubeba maji mara mbili ya yale. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Kama amefukuzwa kazi hakuuliza. Alikuwa bado anachimba.